Vipodozi: tunaogopa lebo, sumu imo kwenye kopo lisilo na lebo

Dhana: Parabeni husababisha saratani ya matiti.

Hofu hii ilishika kasi mwaka 2004, watafiti wa Uingereza walipopima sampuli 20 za uvimbe wa matiti na kukuta parabeni ndani yake. Lakini hawakupima matiti yenye afya ili kulinganisha, wala hawakudai kwamba parabeni ndiyo iliyoleta uvimbe. Waliosambaza habari ndio walioongeza hilo.

Parabeni ni kihifadhi. Palipo na maji, bakteria na ukungu huota, na losheni nyingi zina maji. Chukua kopo la krimu linalokaa bafuni na kuchotwa kila asubuhi kwa vidole vibichi: bila kihifadhi, muda si mrefu litabeba vijidudu vinavyoweza kuambukiza jicho au ngozi iliyochubuka. Kinachohitajika kuzuia hayo ni kidogo mno. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya asilimia 0.4 ya parabeni ya aina moja, yaani takriban gramu 0.8 katika kopo la gramu 200. Mwaka 2014 ulipiga marufuku aina tano ambazo taarifa za usalama wake hazikutosha. Zilizobaki zimewekewa viwango.

Kilichofuata kinasikitisha. Viwanda vingi viliikimbia parabeni na kuingiza kihifadhi kingine, methilisothiazolinoni, na watu wengi wakapata mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya ukaja kuizuia, kuanzia 2017, katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Kwa hiyo maneno “haina parabeni” hayakuambii lolote mpaka ujue kimewekwa nini badala yake.

Dhana: Cha asili hakidhuru.

Maji ya ndimu ni ya asili, na ukiyapaka kisha ukatoka juani, ngozi inaweza kuungua, ikatoka malengelenge na kubaki na madoa kwa miezi. Hina safi nayo haina neno, ila ile nyeusi, piko, ni jambo jingine. Hina safi huanza na rangi ya machungwa, ikakolea kuwa kahawia kwa siku moja au mbili. Ikitoka nyeusi tititi ndani ya saa moja, ujue imetiwa rangi ya nywele, mara nyingi parafenilenidiamini, ambayo kwenye lebo hufupishwa PPD. Ikishakuletea mzio, mwili hausahau: miaka baadaye, rangi ya kawaida ya nywele inaweza kukuvimbisha uso mzima. Ndiyo maana rangi ya nywele hujaribiwa kwanza sehemu ndogo ya ngozi, saa 48 kabla ya kuipaka.

Dhana: Sugua rangi ya mdomo kwa pete ya dhahabu, ikiacha weusi, ina madini ya risasi.

Jaribio hili halipimi risasi hata kidogo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima rangi za mdomo 400 katika maabara: wastani ulikuwa miligramu 1.11 za risasi kwa kilo, na ya juu kabisa 7.19. Kikomo inachopendekeza ni 10.

Dhana: Krimu ya kung’arisha ikikutoa vizuri wiki ya kwanza, ni nzuri.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, na ndipo watu wanapoogopa kidogo kuliko kote. Kasi hiyo mara nyingi ni kazi ya zebaki, hidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe) kama klobetasoli. Klobetasoli ni dawa ambayo daktari huiandika kwa kawaida kwa wiki mbili tu. Anayeipaka kwa miezi ngozi yake hukonda, michirizi hutokea, na akiacha ghafla uso huwaka moto. Muone daktari akupunguzie taratibu.

Zebaki huumiza figo na neva, na humfikia mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa 2013, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulilenga kuondoa krimu zenye zaidi ya miligramu 1 kwa kilo. Zimekutwa zenye maelfu. Kwenye lebo tafuta majina ya zebaki: Hg, “calomel”, au neno lolote linaloanza na “mercur”. Kopo lisilo na orodha ya viambato wala anwani ya mtengenezaji liache. Na likikuonya lisiguse dhahabu, fedha au alumini, hilo ndilo la kukushtua, kwa sababu zebaki hushikana na metali hizo.

Kama umeshatumia krimu yenye zebaki, acha, na umwombe daktari kipimo cha zebaki kwenye mkojo. Wapimwe na watoto wa nyumbani hata kama hawajapakwa, maana zebaki hutoka kama mvuke na hushika kwenye taulo na mashuka. Kopo lifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uliweke mbali na watoto, kisha uulize mamlaka ya afya au mazingira pa kulipeleka, usilichome.