Mistari ya Mondrian na Mistari ya Kompyuta

Mwaka 1964, mhandisi A. Michael Noll wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, Marekani, aliandika programu ya kompyuta iliyochora mistari mifupi ya wima na ya mlalo kwa kuiga mchoro wa mwaka 1917 wa Piet Mondrian, mchoraji Mholanzi. Aliwaonyesha watu 100 michoro yote miwili. Waliotambua upi ulikuwa wa kompyuta walikuwa 28 tu, na 59 waliupenda zaidi huo wa kompyuta.

Mimi huanza somo la sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga sura ya vitu halisi, kwa jaribio hili, kwani wengi hudai kwamba lilithibitisha ushindi wa mashine dhidi ya mchoraji. Sikubaliani nao. Washiriki walionyeshwa nakala za karatasi, kwa hiyo rangi ya mafuta na alama za brashi, yaani kazi yote ya mkono wa Mondrian, zilikuwa zimekwisha kuondolewa kabla ya shindano kuanza. Kilichobaki ni mpangilio, nao Noll aliupata kwa kumchunguza Mondrian: kompyuta iliitawanya mistari kwa kubahatisha, lakini aliyeamua itawanyike ndani ya mipaka gani, na ipi ifupishwe, alikuwa mtu. La kuchekesha ni kwamba washiriki waliona mtawanyiko ule ndio wenye ubunifu wa kibinadamu, ilhali utaratibu wa Mondrian waliudhania kuwa wa mashine.

Hoja kwamba msanii ni yule anayechora kwa mkono wake, kwa kweli, ilikwisha kushindwa bila kompyuta. Tangu mwaka 1968 msanii Mmarekani Sol LeWitt aliandika maelekezo ya michoro ya ukutani, wengine wakaichora, na jina la msanii likabaki lake.

Kwangu, msanii ni yule anayewajibika kwa uamuzi, hasa uamuzi wa kukataa. Vera Molnár, msanii mzaliwa wa Hungaria aliyeanza kutumia kompyuta mwaka 1968, alibadilisha kigezo kimoja kimoja katika michoro yake ya miraba, akalinganisha matokeo, kisha akachagua. Mashine ilichora yote kwa utiifu uleule. Haikuwa na sababu ya kulipenda moja na kuliacha jingine.

Anayeiandikia akili mnemba sentensi moja na kupokea picha ya kwanza inayojitokeza, simwiti msanii. Akirudi mara mia, akikataa tisini na tisa kwa sababu anayoweza kuitetea mbele ya picha yenyewe, nitamsikiliza, ingawa bado nitamuuliza kwa nini ile moja aliiacha ibaki.