Ugonjwa fiche wa moyo wa baridi yabisi ni nini?

Ugonjwa fiche wa moyo wa baridi yabisi ni hali ambayo vali za moyo, yaani milango inayoruhusu damu ipite upande mmoja tu, zimekwisha kuwa na makovu yanayoonekana kwenye eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, ilhali mwenye moyo huo hajawahi kutambuliwa kuwa na homa ya baridi yabisi, hana dalili yoyote, na yumkini dakika chache kabla ya kupimwa alikuwa uwanjani akikimbizana na wenzake. Wenye hali hii wengi ni watoto wa umri wa kwenda shule. Mashine huiona kabla sikio la daktari halijaisikia na kabla mtoto mwenyewe hajahisi lolote, na kwa miaka mingi waliokuwa wakiiona hawakuwa na jambo la hakika la kumwambia mzazi.

Jina lenyewe linahitaji kufafanuliwa. Katika mazungumzo ya kawaida, baridi yabisi ni maumivu ya magoti na vidole ambayo wazee huyalalamikia hasa majira ya baridi. Maumivu hayo ya uzeeni ni jambo jingine kabisa. Homa ya baridi yabisi ni maradhi ya utotoni, yanayowapata zaidi watoto wa kati ya miaka 5 na 15, na yamepewa jina hilo kwa sababu miongoni mwa dalili zake ni viungo kuvimba na kuuma, maumivu yakihama kutoka goti hadi kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Viungo hupona bila kuacha alama; moyo hauna bahati hiyo. Katika karne ya 19 daktari Mfaransa Ernest-Charles Lasègue alisema kwamba maradhi haya hulamba viungo lakini huuma moyo, na kauli yake bado hurudiwa madarasani kwa kuwa ni ya kweli.

Chanzo chake ni maumivu ya koo, yale ambayo nyumbani huitwa mafindofindo na kutibiwa kwa maji ya moto yenye chumvi. Mengi ya maumivu hayo huletwa na virusi na hayana uhusiano na moyo. Sehemu yake huletwa na bakteria aina ya streptokokasi wa kundi A, na kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili, ikishajifunza kumtambua bakteria huyo, huanza kuzishambulia pia tishu za mwili zinazofanana naye kimaumbile, zikiwamo zile za vali za moyo. Homa yenyewe hujitokeza wiki 2 au 3 baadaye, koo likiwa limeshapona na kusahaulika. Wakati mwingine huwa nyepesi kiasi kwamba hupita ikidhaniwa kuwa malaria, au haionekani kabisa. Kila mara mtoto anapoambukizwa tena bakteria huyo, shambulio linaweza kurudi na kovu likaongezeka. Ndiyo maana maradhi haya yamebaki pale ambapo watu wengi hulala chumba kimoja na kituo cha afya kiko mbali, huku yakiwa karibu kusahaulika katika nchi zilizotajirika katika karne ya 20. Duniani watu zaidi ya milioni 40 wanaishi nayo, na mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zichukue hatua dhidi yake.

Kabla ya eko kusambaa, uchunguzi wa shuleni ulifanywa kwa stetoskopu: daktari alisikiliza kifua cha mtoto akitafuta mngurumo unaotokea damu inapopita kwenye vali isiyofunga vizuri. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Msumbiji na Kambodia, ambao walipimwa kwa njia zote mbili. Nchini Msumbiji stetoskopu ilibaini wagonjwa 2.3 katika kila watoto 1,000, na eko ikabaini 30.4. Kambodia ilikuwa 2.2 dhidi ya 21.5. Kwa maneno mengine, kwa kila mtoto ambaye sikio lilimtambua, wengine kama 10 waliachwa waende zao. Nionavyo mimi, dhana ya ugonjwa fiche ilizaliwa katika tofauti hiyo ya hesabu. Kabla ya hapo madaktari walijua kwamba vali haziharibiki kwa siku moja, lakini hawakuwa wamejua kwamba wasiojulikana ni wengi kuliko wanaojulikana kwa kiasi hicho.

Eko, au ekokadiografia kwa jina lake refu, hutumia mawimbi ya sauti kama yale yanayotumika kumtazama mtoto aliye tumboni. Anayepima huangalia zaidi vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, kwa sababu hiyo ndiyo inayoumwa mara nyingi zaidi, na huangalia mambo mawili. La kwanza ni umbo: je, jani la mbele la vali limenenepa kufikia milimita 3 au zaidi, kamba zinazolishikilia zimekakamaa, ncha yake inashindwa kwenda kwa uhuru? La pili ni kazi: je, kuna mkondo wa damu unaorudi nyuma vali inapofungwa, na una urefu gani? Vigezo vilivyotolewa na Shirikisho la Moyo Duniani mwaka 2012 viliweka mpaka wa sentimita 2 kwa mkondo huo wa vali ya mitrali, nao uonekane katika pembe 2 za kupimia na udumu muda wote moyo unapojikaza kusukuma damu. Ukali huo una sababu. Kuvuja kidogo hutokea hata katika mioyo mizima kabisa, na bila mpaka ulio wazi kila shule ingetoa kundi la wagonjwa wasio wagonjwa. Vigezo hivyo viliwagawa watoto katika waliothibitika na walio mpakani, na kundi hili la pili ndilo lililowasumbua madaktari kuliko lolote.

Usumbufu wenyewe ulikuwa wa kimaadili kuliko wa kiufundi. Kumpima mtu asiyelalamika kitu, kisha kumwambia kwamba moyo wake una kasoro, kunahalalishwa tu ikiwa kuna jambo la kumfanyia. Dawa ilikuwapo, na ni ya zamani: sindano ya penisilini ya benzathini, ichomwayo kwenye msuli kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, kwa lengo la kumzuia bakteria asirudi kooni. Manufaa yake kwa waliokwisha kuugua homa ya baridi yabisi yalijulikana tangu katikati ya karne ya 20. Kwa watoto wenye ugonjwa fiche hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba inasaidia. Huenda vali zao zingepona zenyewe. Huenda zingeendelea kuharibika hata kwa sindano. Na jina la ugonjwa lina uzito wake: mtoto aliyeambiwa ana moyo mbovu huweza kukatazwa michezo na shughuli za nyumbani, na mzazi akaishi na hofu kwa jambo ambalo pengine lisingetokea kamwe.

Jibu lilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika jaribio lililopewa jina la Kiacholi, Gwoko Adunu pa Lutino, yaani kulinda mioyo ya watoto. Liliendeshwa na Taasisi ya Moyo ya Uganda pamoja na washirika kutoka nje, wakiongozwa na Andrea Beaton wa Marekani na Emmy Okello wa Uganda, na matokeo yalitangazwa Novemba 2021. Watoto na vijana 102,200 walipigwa eko. Kati yao 3,327 walitiliwa shaka mwanzoni. Baada ya kurudiwa kwa eko ya kina, 926 walithibitishwa na kuonekana wanafaa kushiriki. Familia za 916 ziliridhia, na kura ikaamua nani achomwe penisilini kila baada ya wiki 4 na nani afuatiliwe tu. Walioingia katika uchambuzi mkuu walikuwa 818, wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Kwa kuwa sindano haikuwa na mfano wa bandia wa kulinganishwa nao, kila familia ilijua mtoto wake yuko kundi gani, hivyo ulinzi dhidi ya upendeleo uliwekwa mahali pengine: wataalamu waliosoma picha za mwisho hawakuambiwa picha ni ya mtoto wa kundi lipi.

Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 wa kundi la sindano, sawa na asilimia 0.8, na kwa watoto 33 wa kundi lililofuatiliwa tu, sawa na asilimia 8.2. Ukizigeuza hesabu hizi, inakuwa kwamba watoto wapatao 13 wanapaswa kuchomwa sindano kwa miaka 2 ili mmoja wao aepushwe na kuharibika zaidi kwa vali. Msomaji anaweza kuiona namba hiyo kuwa ndogo au kubwa kulingana na mahali aliposimama. Kwa penisilini, ambayo ni dawa ya bei nafuu, na kwa vali, ambayo ikishaharibika sana hurekebishwa kwa upasuaji tu, mimi naiona ndogo. Lakini upande wa pili wa jaribio hilo hutajwa kwa haraka mno: karibu nusu ya watoto katika kila kundi, waliochomwa na wasiochomwa, walionekana kuwa na hali nafuu zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Penisilini haikuongeza idadi ya waliopata nafuu. Ilichofanya ni kuwazuia wachache wasiteremke. Hapo ndipo neno fiche linapopata maana yake kamili, kwani ndani yake kuna watoto ambao mioyo yao ingetulia yenyewe na watoto ambao wangerudi hospitalini wakiwa na umri wa miaka 25 wakishindwa kupumua, na eko ya kwanza haina uwezo wa kutosha wa kuwatenganisha.

Umri huo wa ujana haukutajwa ovyo. Wanawake wengi hugundua maradhi haya katika ujauzito, wakati kiasi cha damu mwilini kinapoongezeka kwa karibu nusu na vali iliyobana inashindwa kupitisha mzigo mpya. Mama ambaye hakuwahi kulazwa hospitalini hujikuta analala ameketi kwa sababu mapafu yamejaa maji. Kovu lake lilikuwapo tangu darasa la tatu au la nne, ila hapakuwa na aliyeliangalia.

Kuhusu usalama, washiriki 2 wa kundi la sindano walipata madhara makubwa yaliyohusishwa na dawa, mmoja wao akiwa na mzio mwepesi. Ukilinganisha na maelfu ya sindano zilizochomwa ni kiasi kidogo sana. Maumivu ni suala jingine. Sindano hii ni nzito, inauma, na mtoto huanza kuiogopa siku kadhaa kabla. Katika jaribio karibu watoto wote walihudhuria, kwa sababu kulikuwa na wauguzi waliowafuatilia. Zahanati ya kawaida, yenye foleni na siku ambazo dawa imekwisha, haiwezi kutegemea mahudhurio kama hayo. Aidha, mwaka 2022 Shirika la Moyo la Marekani lilitahadharisha kwamba wagonjwa ambao vali zao zimekwisha kuharibika vibaya wanaweza kuzimia na hata kufariki muda mfupi baada ya sindano, si kwa mzio bali kwa sababu moyo dhaifu haustahimili mshtuko, na likashauri wagonjwa wa namna hiyo wapewe vidonge. Tahadhari hiyo haiwahusu watoto wenye ugonjwa fiche, ambao mioyo yao bado ina nguvu, ingawa habari zake zimewafikia wazazi na hata wauguzi bila ya kutenganishwa hivyo.

Mwaka 2023 Shirikisho la Moyo Duniani lilifanya upya vigezo vyake. Badala ya waliothibitika na walio mpakani, sasa kuna hatua 4, kuanzia A, ambayo ni dalili chache kabisa za eko kwa vijana, na B, ambayo ni ugonjwa mwepesi, hadi C na D, ambako vali zimeharibika sana na, katika hatua ya mwisho, madhara yamekwisha kutokea. Ugonjwa fiche kwa sehemu kubwa unaangukia katika hatua mbili za mwanzo. Mpaka wa urefu wa mkondo wa damu nao umeanza kuzingatia uzito wa mtoto, ukashushwa hadi sentimita 1.5 kwa walio chini ya kilo 30.

Yaliyobaki ni ya utekelezaji. Jaribio la Gulu lilihitaji eko zaidi ya 100,000 ili kupata watoto wasiofika 1,000, na katika wilaya nyingi za Afrika Mashariki hakuna daktari wa moyo hata mmoja, hivyo swali linalofuatwa ni kama muuguzi aliyefunzwa kwa muda mfupi, mwenye mashine ndogo ya kushika mkononi, anaweza kufanya mchujo wa kwanza na kumwachia mtaalamu picha zenye shaka tu. Uganda imeanzisha pia jaribio la kulinganisha sindano na vidonge vya penisilini kwa watoto wa kundi hilihili, ili ijulikane kama kidonge kinachomezwa nyumbani kila siku kinaweza kuchukua nafasi ya sindano ambayo mtoto huiogopa.