Hakuna koleo kwa 5918, acheni kulitafuta

Jumamosi nilikuwa tena Railway Museum ya Nairobi, hapo nyuma ya Haile Selassie, ndani ya kibini ya injini ya mvuke 5918 Mount Gelai na vijana wawili ninaowafunza boila, halafu baba mmoja akapandisha mtoto wake akamwambia, "hapa ndio walikuwa wanarusha makaa na koleo, kazi ya misuli tu." Mzee, samahani sana, hapana. Nimeisikia hii mara nyingi mno.

Reli ilianza na kuni na makaa ya mawe yaliyokuja kwa meli, sawa. Lakini hizi injini 34 za aina ya Garratt, 5918 ikiwa moja yao, zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock 1955 na 1956, kila moja karibu tani 252, zilichoma mafuta mazito. Makaa ya nini?

Na kwa sababu hakuna koleo watu wanadhani mchochea moto alikaa tu. Mimi ni wa boila za kiwanda, Industrial Area, treni sijaendesha, lakini mafuta ni yale yale: yakiwa baridi hayatiririki, lazima uyapashe na mvuke, halafu mvuke tena ndio unayapuliza yawe matone madogo yashike moto. Kwangu feni inaleta hewa ya kutosha saa zote. Kwa treni hewa inavutwa na mvuke unaotoka kwa silinda, kwa hivyo dereva akifungua regyuleta, ile valvu ya kupeleka mvuke kwa silinda, hewa inaongezeka papo hapo na wewe lazima uongeze mafuta papo hapo, akifunga upunguze, ukichelewa unatoa moshi mweusi tii na masizi yanajaa kwa tyubu za boila, ukikata sana hewa baridi inaingia na tyubu zinaanza kuvuja. Hiyo ni usiku mzima, mkono kwa valvu, jicho kwa bomba la moshi.

Na kioo cha maji, kile kinachoonyesha maji ya boila yamefika wapi! Ukipanda mlima maji yanarudi nyuma upande wa moto, kioo kinaonyesha yamejaa, mkivuka kilele yanakimbilia mbele na dari ya chumba cha moto inaweza kubaki wazi. Bati likilainika hapo boila inalipuka. Kwa hivyo kioo unakisoma ukijua njia iliyo mbele yako.

Kwa mafunzo tunasema moshi wa kijivu hafifu ndio sawa. Enyewe mimi naamini zaidi sikio, ule mngurumo wa bana, yaani kichomeo cha mafuta, na sijui kama mtu anaweza kuujifunza kwa injini iliyozimwa. Hilo linanisumbua kila nikileta vijana hapa, wanashika valvu vizuri lakini hakuna kinachowajibu.

Mtoto nilimshikisha valvu ya mafuta, nikamwambia baba yake awe dereva. "Fungua!" Mtoto akaongeza. "Funga!" Akasahau, bado anachungulia nje ya dirisha.

"Moshi mweusi," nikamwambia, akarudisha mkono haraka sana.