Hita ya Tangu 2009: Uing'oe au Uiache?

Wiki iliyopita nilipanda Isamilo, hapa Mwanza, kwa mwalimu mstaafu ambaye hita yake ya maji, ya lita 80, iko ukutani bafuni tangu mwaka 2009. Kijana wake anayeishi Dar es Salaam alikuwa amempigia simu: hita ya zamani inakula umeme, iondoe, nakutumia hela ya mpya. Nilipotoa shikamoo, Mwalimu aliitikia marahaba, na hata begi sijaliweka chini akaniuliza, "Mwanangu, kitu kinanichemshia maji kila siku bila shida, nakitupa kwa kosa gani?"

Hita hizi za tenki, ambazo wengine huziita boila, nimezifunga na kuzitengeneza hapa Mwanza kwa miaka mingi, na swali hilo nakutana nalo kila mara. Msimamo wangu ni kwamba umri peke yake si kosa. Kinachoiua hita ni tenki lililotoboka. Kinachokutia hatarini ni valvu ya usalama iliyoganda na ethi mbovu, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hivyo viwili vinaweza kuwa kwenye hita iliyofungwa juzi.

Tuanze na umeme, maana ndio unaotisha watu. Koili, ile sehemu ndani ya tenki inayopasha maji, hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, na joto lote linaingia kwenye maji yanayoizunguka. Koili ya 2009 haifanyi kazi hiyo vibaya kuliko ya leo. Maji ya ziwa yakifika bombani yakiwa na nyuzi 25 hivi, kuyapasha lita 80 hadi nyuzi 60 kunahitaji uniti 3.3, hita iwe kuukuu au mpya. Hita kuukuu inapoteza pahali pengine: joto linalotoka kupitia kuta za tenki wakati hakuna anayeoga. Povu la kuhifadhi joto kwenye hita za zamani ni jembamba, na likiingiwa na maji halizuii kitu.

Upotevu huo unapimika kwa LUKU yako, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, bila kifaa kingine. Usiku wa kwanza zima hita, soma uniti saa mbili usiku, soma tena saa kumi na mbili asubuhi. Usiku wa pili washa hita mapema, subiri taa yake izime yenyewe maji yakishapata moto, kisha anza kusoma saa ileile, na mtu yeyote asifungue maji ya moto hadi asubuhi. Friji na taa za nje ziwe vilevile siku zote mbili. Tofauti ni ya hita. Mwalimu aliandika kwenye daftari: usiku wa kwanza uniti 1.1, usiku wa pili uniti 2.0. Saa kumi zimekula 0.9, kwa hiyo siku nzima ni kama uniti 2.2. Uniti moja kwa bei ya kawaida, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 350 na ushee. Kumbe alikuwa anapasha hewa ya bafu kwa zaidi ya shilingi 20,000 kila mwezi, kwa sababu swichi ya hita ilikuwa haizimwi.

Hita mpya ingempunguzia sehemu ya hasara hiyo, kwa gharama ya laki kadhaa, bado fundi na vifaa. Lakini nilipofungua kifuniko nilikuta termostati, kile kidhibiti cha joto, imewekwa nyuzi 75. Bafu lake lina nyuzi 25 hivi. Ukishusha hadi 60, tofauti kati ya maji na hewa inatoka 50 hadi 35, na joto linalopotea linapungua kwa asilimia 30 papo hapo. Usishuke chini ya 60, maana maji yanayokaa vuguvugu kwa muda mrefu hukuza bakteria wa mapafu. Kisha awe anawasha swichi muda wa saa mbili kabla ya kuoga na kuizima akimaliza. Koili ya wati 2,000 inapasha tenki lile kwa saa moja na dakika arobaini.

Baada ya hapo nikaenda kwenye tenki lenyewe, na hapa ndipo uamuzi ulipo. Nilizima breka, nikahakikisha kwa testa, nikatoa maji, nikafungua bamba la chini. Yalitoka matope mekundu laini, kama nusu kikombe. Ukoko wa chokaa haukuwepo, na sikuutarajia: maji ya Ziwa Victoria yana madini machache, tofauti na visima vingi virefu. Ila maji ya namna hiyo hayajengi tabaka la kukinga chuma, kwa hiyo maisha ya tenki yanategemea sana anodi, ile fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu kwa niaba ya tenki. Ya Mwalimu niliichomoa ikiwa imebaki waya wa katikati na vipande viwili vidogo kama meno. Miaka yote hiyo hakuna aliyeigusa. Nikamulika ndani kwa tochi: enameli, lile tabaka linalokinga chuma kwa ndani, ilikuwa nzima, isipokuwa madoa ya kutu kuzunguka tundu la koili. Tenki lilikuwa limefika ukingoni, halijadondoka.

Kama ningekuta maji yanatoka kwenye mwili wa tenki, au kutu imevimba kwenye mshono, ningemwambia ang'oe siku hiyohiyo. Tenki la namna hiyo halichomelewi. Kuvuja kwenye mpira wa bamba au kwenye nati za bomba ni kitu kingine, hiyo ni kazi ya nusu saa.

Valvu ya usalama sitaki uipite haraka. Lita 80 zikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 zinaongezeka kwa zaidi ya lita moja, na maji hayo yanahitaji pa kutokea. Valvu ikidondosha matone wakati hita inapasha, inafanya kazi yake. Naumia ninapokuta mtu ameiziba kwa plagi kwa sababu "ilikuwa inalowanisha ukuta". Termostati ikikwama na valvu ikiwa imezibwa, maji yanapita nyuzi 100 yakiwa yamebanwa, na tenki likipasuka yanageuka mvuke kwa mkupuo. Inua kikono cha valvu kila baada ya miezi michache. Kisipotoa maji, valvu imeganda, nunua nyingine. Mtaa nao una neno. Kila mita 10 za kimo ni presha ya baa moja. Nyumba inayotumia simtanki la juu ya paa haina presha ya kutisha, lakini iliyo bondeni, ikipokea moja kwa moja bomba linaloshuka kutoka tenki la mlimani mita 60 juu, inaweza kubeba hadi baa 6, hasa usiku watu wakilala na mabomba yakifungwa.

Halafu ethi. Jiji letu limekaa juu ya miamba. Nimefukua nondo za ethi Isamilo, Bugando na Mabatini nikakuta imezama sentimita 40, ikagonga jiwe, ikakatwa kwa msumeno na kufukiwa. Koili ikipasuka kwenye nyumba ya namna hiyo, umeme unasafiri na maji hadi kwa anayeoga. Pima ethi kwa kipimo chake. Jiwe likikataa, chimba mtaro mrefu kwenye udongo wenye unyevu na ulaze shaba humo, na ufunge breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Mwalimu hakuwa nayo. Hela ya kijana wake niliomba ianzie hapo.

Siku hita yake itakapotoboka, nitamshauri shawa ya umeme ya papo kwa papo au hita ya jua. Maji yetu tayari yana joto, kwa hiyo shawa ya wati 5,500 inatoa karibu lita tano kwa dakika zenye nyuzi 40, zinazotosha. Lakini inavuta ampia 24, inataka waya wake peke yake, na volti zikishuka hadi 200 jioni inapoteza robo ya nguvu. Ya jua inafaa zaidi kwa paa lake linalopata jua kutwa, ila kenchi zikaguliwe kwanza, maana lita 150 za maji ni kilo 150 kabla hujahesabu tenki.

Kwa sasa nimeweka anodi mpya, mpira mpya, valvu mpya, na breka. Tarehe nimeiandika kwa kalamu ya maka ndani ya kifuniko, na chini yake mwezi wa kuichomoa anodi tena. Mwalimu aliinakili kwenye daftari lake lilelile la LUKU, akapiga mstari chini yake kwa rula.