Karafuu, Kilwa na bustani ya Wafaransa

Ukimuuliza mtu hapa Dar karafuu ilifikaje Zanzibar, wengi watakwambia Seyyid Said ndo kaileta. Hapana, yeye aliipanua, tena kwa nguvu kweli, ila mkarafuu ulishamtangulia kufika, na safari yake inaanzia karne ya 18 kwenye bustani moja kule Morisi. Mi nasomesha na kutafiti historia ya karne hiyo na hii mada hainitoki kichwani, maana ukiifuata vizuri inakufikisha Kilwa, na ukishafika Kilwa inauma.

Tuanze na karafuu yenyewe. Miaka hiyo walioikalia ni Waholanzi. Kampuni yao ya India Mashariki iliamua mikarafuu ibaki Ambon na visiwa vya jirani tu, kwingine kote Maluku ikang'olewa, na kutoa miche nje ilikuwa kosa kubwa. Sasa akatokea Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, mzaliwa wa Lyon 1719, mtu aliyepoteza mkono wa kulia kwa mzinga wa Waingereza wakipigana baharini 1745, akang'ang'ania wazo moja tu, kuitoa hiyo miche kwa siri. Majaribio ya miaka ya 1750 hayakufua dafu. Alipopewa usimamizi wa Île de France, ndo Morisi ya leo, kuanzia 1767 akatuma meli mbili, Vigilant na Étoile du Matin, na Juni 1770 zikatia nanga Port Louis na miche ya kungumanga na karafuu. Shehena nyingine ikaja 1772.

Usione ni kazi ndogo. Mbegu ya karafuu haina subira, ikikauka imekufa, kwa hiyo inabidi ubebe miche hai au mbegu zinazoota ndani ya udongo, na hapo uko baharini wiki na wiki, chumvi inapiga, na maji ya kumwagilia ni hayohayo ya kunywa ambayo mabaharia wanapimiwa. Mingi ilikufa, hata baada ya kufika. Iliyobaki ilipona mikononi mwa Jean-Nicolas Céré, aliyekabidhiwa bustani ya Pamplemousses, ndo ile bustani ya Morisi niliyoitaja mwanzo, 1775 akaishughulikia miaka na miaka. Huyu mi namheshimu sana kama mtaalamu wa mimea, uvumilivu wake ulikuwa wa ajabu.

Lakini historia nyingi za sayansi zinaishia hapo, na hapo ndo ninapogombana nazo. Bustani hailimwi na mtaalamu peke yake. Île de France mwishoni mwa karne ile zaidi ya robo tatu ya wakazi wake walikuwa watumwa, wao ndo waliochimba mashimo, wao ndo waliobeba maji, na kwenye orodha za majina ya kilatini ya mimea hutawaona. Poivre mwenyewe aliandika kuupinga utumwa, na mi naamini alimaanisha, ila kisiwa alichokisimamia kiliendeshwa na watumwa kuanzia bandarini mpaka shambani na hakuubadilisha mfumo huo.

Na hao watu walitoka wapi? Wengine Madagaska, wengine Msumbiji, wengine huku kwetu. Tarehe 14 Septemba 1776, miaka sita tu baada ya ile miche kushuka Port Louis, Mfaransa Jean-Vincent Morice, aliyewahi kuwa daktari wa upasuaji akageuka mfanyabiashara ya watumwa, aliwekeana mkataba na Sultani Hassan wa Kilwa. Watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 (sarafu za fedha za wakati huo) kwa kichwa, na juu yake sultani apate zawadi ya piasta mbili kwa kila mtu anayeuzwa. Na asiruhusiwe mwingine kununua, awe Mfaransa, Mwingereza, Mholanzi au Mreno. Kila nikiusoma ule mkataba nashindwa kuupita haraka, ni mistari michache lakini nyuma yake kuna watu waliotembezwa kutoka bara, Wayao, Wamakua na wengine, mpaka pwani. Wakishavuka, makarani wa kule kisiwani waliwaandika tu kama watu wa Msumbiji hata kama mtu kapakiwa Kilwa, ndo maana kuwafuatilia leo ni kazi ngumu mno, inabidi ulinganishe orodha za meli, bandari na miezi ya upepo.

Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba faili la Pamplemousses na faili la Kilwa yasomwe meza moja. Tumezoea hili liende kwa wanahistoria wa botania na lile kwa wanahistoria wa utumwa, wakati ni bahari ileile, soko lilelile, muongo uleule.

Mwendelezo wake unaonyesha hivyohivyo. Kutoka Île de France mikarafuu ikaenda Bourbon, ndo Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja, wengi wanamtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeileta, mashamba yake Seyyid Said akayataifisha baadaye. Waingereza walishaichukua Morisi 1810, na mwaka 1822 mkataba wa Moresby, kati ya Waingereza na Seyyid Said, ukapiga marufuku kuwauzia Wakristo watumwa, soko la visiwa vya Wafaransa likabanwa. Profesa Abdul Sheriff alishalieleza hili vizuri, watu waliokuwa wanauzwa nje wakageuzwa nguvukazi ya mashamba ya karafuu hapahapa. Yaani mti uliotoka Morisi ukaja kulimwa Unguja na watu wa njia ileile ya Kilwa.

Wanafunzi mnaoniuliza mwanzie wapi, nendeni maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, kitengo cha Afrika Mashariki, muanze na mkataba wa Morice, halafu ndo mje kwenye mimea. Mkianza na mimea mtaipenda mno hadi watu mtawasahau.