Hisa Zisizokomaa: Piga Hesabu Baada ya Kodi Kabla ya Kuhama Kazi

Mwisho wa kuwasilisha ritani ya kodi nchini Kenya ni tarehe 30 Juni, na kila msimu huu ukikaribia swali hurudi lile lile kutoka kwa waajiriwa waliohama: "Nimeacha hisa za mamilioni kwa mwajiri wa zamani, naweza kuzionyesha kama hasara?" Hapana. Hisa ambazo hazijakomaa, yaani ulizoahidiwa na mwajiri lakini muda wa kuzimiliki haujafika, hazikuingia kwenye mapato yako, hivyo hakuna cha kuondoa. Haya si maoni ya afisa wa kodi aliyekuhudumia, na kuuliza katika kituo kingine cha huduma hakutabadilisha jibu.

Uhame au usubiri, uamuzi ni wako. Si kazi yetu kumshauri mtu abaki wapi. Ila tunaona wengi wakipima thamani ya hisa kabla ya kodi dhidi ya mshahara mpya baada ya makato. Kipimo hicho kimepinda.

Chukua mwajiriwa wa Nairobi mwenye mapato ya kutozwa kodi ya shilingi 300,000 kwa mwezi, ambaye manufaa yake ya hisa ya shilingi 1,000,000 yanakomaa mwezi Machi. Mwezi huo mapato yake ni 1,300,000. Kodi ya PAYE (ile anayokata mwajiri kwenye mshahara kila mwezi) kwenye ile milioni itakuwa 60,000 kwa kiwango cha asilimia 30, kisha 97,500 kwa asilimia 32.5, kisha 175,000 kwa asilimia 35; jumla 332,500. Lakini viwango hupimwa kwa mwaka pia. Mapato yake ya mwaka, 4,600,000, hayafiki 6,000,000 ambapo asilimia 32.5 huanza, kwa hiyo kodi halisi ya milioni ile ni 300,000. Tofauti ya 32,500 hurekebishwa na mwajiri mwisho wa mwaka, au mwajiriwa huiomba kupitia ritani yake. Kinachobaki mkononi, basi, ni 700,000. Hicho ndicho kiasi cha kulinganisha na kazi mpya.

Mwajiri mpya akikupa bonasi ya kukufidia hisa ulizoacha, hayo nayo ni mapato ya ajira. Hukatwa PAYE, na mwajiri huiwasilisha kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. Kuiita "fidia" kwenye barua ya ajira hakuiondolei kodi.

Waliohama katikati ya mwaka wana fomu mbili za P9, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na kodi kutoka kwa kila mwajiri. Zote mbili ni za kujazwa, si ile yenye kodi nafuu tu. Kuchelewesha ritani kuna adhabu ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kiasi chochote kilicho kikubwa. Kuchelewa kulipa kodi yenyewe kunaongeza adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Walio katika kampuni changa wawe waangalifu zaidi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliahirisha kodi ya hisa walizopewa badala ya pesa taslimu, iwapo kampuni inatimiza masharti. Kodi hiyo hudaiwa ndani ya siku 30 baada ya tukio litakalotangulia kati ya haya: miaka mitano kuisha tangu mwisho wa mwaka ulipopewa hisa, kuziuza, au kuacha kazi. Ukijiuzulu, basi, unaweza kudaiwa kodi ya hisa ulizokwisha kupata na ambazo hazina mnunuzi. Zile zisizokomaa zinapotea tu, bila kodi.

Kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, soma hati ya mpango wa hisa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, na mara nyingi tarehe ya kukomaa huangukia ndani ya siku hizo. Baadhi ya mipango humhesabu aliye kwenye notisi kuwa bado mwajiriwa. Mingine humfuta siku barua inapopokelewa. Jibu liombwe kwa maandishi kutoka ofisi ya rasilimali watu, maana sisi hatuna nakala ya mpango wa kampuni yako.