Potali au apu ya kawaida? Ulizeni kabla hamjasaini

SACCO, shule, hata ofisi za wilaya zinatuuliza sana hili: tumepata mtu wa kututengenezea mfumo wa mtandaoni, anasema ataujenga juu ya fremuweki ya potali kama Liferay, yaani msingi wa programu ulio tayari wa kujengea tovuti inayounganisha mifumo mingi, je tukubali? Sisi wa TEHAMA tunawarudishia swali kwanza, watu wenu wanaingia kwenye mifumo mingapi kwa siku?

Maana kazi ya potali ni kukusanya. Kama mna mfumo wa mishahara, wa mikopo, wa nyaraka na matangazo, na wanaotumia ni walewale, basi potali inawafaa kabisa, paswodi inakuwa moja, mambo ya nani aone nini yapo tayari, na kila mfumo unakaa kwenye kidirisha chake, wenyewe wanakiita potileti, vyote kwenye ukurasa mmoja. Watu wa Java, lugha ya programu inayotumika kujenga potali hizi, walishakubaliana kanuni za hivyo vidirisha tangu 2003, wakaziongezea 2008. Hapo kujenga kila kitu kuanzia sifuri ni kupoteza hela tu.

Sasa chukueni SACCO ya pale Mbarara inayotaka kitu kimoja, mwanachama aombe mkopo kwa simu. Akibonyeza "tuma", potali inashughulikia kwanza ile fomu, halafu kwa kawaida inapanga upya vidirisha vyote vya ukurasa, matangazo, kalenda, picha za mkutano mkuu, na kimoja kikichelewa mwenye bando dogo anabaki anasubiri. Kanuni za 2008 zinaruhusu kidirisha kivute data peke yake, ila developa asipoandika hivyo haitokei yenyewe. Halafu linki, jamani! Potali ndiyo inayotengeneza anwani ya ukurasa, na msipoipanga vizuri inakuwa refu limejaa p_p_id na alama kibao, karani akitaka kumtumia mtu linki ya mkopo wake WhatsApp anahangaika bure. Kwa kazi kama hiyo mimi nasema wazi, tumieni Laravel (ya lugha ya PHP) au Django (ya Python), fremuweki za kujengea apu ya kawaida, inatosha na seva ndogo inaibeba.

Msidanganyike na neno "bure". Liferay ina toleo la bure kweli, lakini seva yake inataka giga kadhaa za RAM, na kumpata Kampala kijana wa PHP ni rahisi kuliko kumpata anayejua potileti, huyo mmoja akiondoka mfumo unabaki yatima. Toleo jipya nalo lina mambo yake: Liferay 7.0 ilipotoka 2016 ilibadilisha namna ya kupanga moduli, yaani vipande vya programu, waliokuwa wameandika vitu vyao kwenye toleo la nyuma, 6.2, ikabidi warudie kazi nyingi.

Na kama shida yenu ni paswodi nyingi tu, hamhitaji potali nzima, kuna Keycloak, ni bure, inashughulikia kuingia tu na mifumo yenu inabaki mahali pake, ila kila mmoja lazima uunganishwe nayo.

Kabla ya kusaini mwambieni fundi awaonyeshe fomu moja inafanya kazi kwenye simu ya bei nafuu, mkiwa nje ya ofisi, siyo kwenye laptopu yake. Mkataba utaje nani atapandisha matoleo na kwa hela ya nani. Sheria ya Uganda ya kulinda data ya 2019 inawahusu mkichagua potali au msichague, kwa hiyo usajili wa Ofisi ya Kulinda Data Binafsi uanze mapema, kabla taarifa za wanachama hazijaingizwa.